Mwaka wa kwanza chuoni Mwanza: namna ya kuishi pasipo kengele

Asubuhi yangu ya kwanza chuoni niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikakaa kitandani kusubiri kengele. Miaka ya bweni ilikuwa imeniingia mwilini: kengele ya kuamka, ya paredi, ya prepo, ya kulala. Nilisubiri mpaka jua likachomoza juu ya mawe ya Nyegezi, na hakuna aliyegonga chochote. Siku ile nilifurahi. Ilipofika wiki ya kumi na moja, jina langu likiwa kwenye orodha ya wasiowasilisha asaimenti mbili, nikaelewa kwamba miaka yote ile kengele ndiyo iliyokuwa ikinibeba, na sasa ilikuwa zamu yangu kuipiga.

Nakuandikia wewe, mdogo wangu, unayekuja kuanza shahada Mwanza, iwe ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe, chuo cha afya pale kilimani Bugando, au kwenye kampasi za IFM, TIA na CBE, vyuo vya fedha, uhasibu na biashara. Nimefuata mpangilio wa mambo yatakavyokukuta, na mahali pengine nitakaa zaidi kwa sababu ndipo wengi wetu tulipoangukia.

Hatua ya 1: Kabla ya kupanda basi

Nunua faili moja gumu la plastiki. Weka humo barua ya udahili, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), picha ndogo zisizopungua nane, na fomu ya afya iliyojazwa na kugongwa muhuri na daktari. Toa kopi tano za kila karatasi, kisha piga picha zote na ujitumie kwenye barua pepe yako. Faili hili lisiingie kwenye buti la basi. Likae mapajani.

Halafu kagua majina yako herufi kwa herufi. Masanja wa cheti cha kuzaliwa akiwa Massanja kwenye cheti cha kidato cha nne, na akaunti ya benki ikiwa na majina mawili badala ya matatu, hela ya mkopo inaweza kukwama kwa sababu ya "s" moja. Jambo hilo linatatuliwa kwa kiapo cha majina mbele ya wakili, na ni nafuu kulimaliza ukiwa nyumbani kuliko kulihangaikia katikati ya semesta.

La mwisho ni fedha. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hautakusubiri getini. Kuna usajili, kuna kusaini, kuna uhakiki, na wewe unatakiwa kula muda wote huo. Njoo na hela ya chakula ya mwezi mzima hata kama umepangiwa mkopo kamili.

Ukitokea Dar es Salaam, Tabora, Shinyanga, Geita au Bukoba kwa barabara, basi lako litaishia stendi ya Nyegezi. Ukitokea Musoma au Tarime utashukia Nyamhongolo, upande wa pili wa jiji. Mwambie anayekupokea jina la stendi, usimwambie "stendi" tu. Nimeona watu wakitafutana saa mbili nzima, kila mmoja akiapa kwamba ameshafika.

Hatua ya 2: Wiki ya usajili

Malipo yote ya chuo yanafanyika kwa namba maalumu ya malipo, kupitia benki au simu. Akitokea kijana mchangamfu mwenye kitambulisho shingoni anayetaka umpe fedha mkononi "akuharakishie", msalimie na uendelee na foleni yako. Foleni ni ndefu lakini inaisha.

Usajili haujakamilika mpaka umeona jina lako na masomo yako kwenye mfumo wa chuo. Wapo wanaolipa ada, wakaingia vipindini semesta nzima, halafu siku ya mtihani majina yao hayapo. Kata pia bima ya afya ya mwanafunzi. Kiwango kilichozoeleka cha NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kimekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na malaria ya mwezi wa pili itakukumbusha kwa nini uliilipa.

Kabla wiki haijaisha uwe na vitu vitatu: almanaka ya chuo, kanuni za mitihani, na muhtasari wa kila somo. Kanuni za mitihani ndizo zinazosema alama gani ya kozi weki (kazi na majaribio ya semesta) inakuruhusu kufanya UE, yaani mtihani wa mwisho wa semesta, mahudhurio yanahesabiwaje, na mtu anadisko, yaani anaondolewa chuoni, kwa wastani upi. Vyuo vinatofautiana, kwa hiyo usimsikilize mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kingine. Soma za kwako.

Hatua ya 3: Pa kulala

Ukipata hosteli ya chuo mwaka wa kwanza, ichukue. Kelele zipo, foleni ya bafu ipo, lakini unaokoa nauli na unajifunza chuo kwa haraka.

Ukikosa, utapanga. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na mwenye nyumba atataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mwanza ni jiji la mawe na vilima. Kadiri chumba kinavyopanda mlima ndivyo kodi inavyoshuka, na ndivyo maji yanavyokuwa ya shida. Kwa hiyo nenda ukakiangalie chumba mara mbili: mara moja saa sita mchana, na mara nyingine saa mbili usiku. Mchana fungua bomba mwenyewe. Uliza maji yanatoka siku zipi, na nani anachota mengine yakikatika. Angalia njia ya kupanda, kwa sababu muhula unaanza wakati wa vuli, na mvua ya hapa ikishuka kwenye miamba hugeuza kijia kuwa mfereji. Usiku angalia taa za njiani, na umuulize bodaboda anakuchaji kiasi gani kutoka barabara kuu. Chumba cha bei ndogo kinachokudai pikipiki kila usiku si cha bei ndogo.

Uliza pia habari ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita moja ikitumiwa na vyumba sita, ugomvi ni wa kila wiki: huyu ana friji, yule ana pasi, wewe una taa moja na mnachanga sawa. Mkubaliane kabla hujalipa, na makubaliano yaandikwe kwenye mkataba, hata kama ni karatasi moja ya daftari yenye sahihi mbili. Ukishahamia, nenda kamsalimie mjumbe wa mtaa. Siku ukiibiwa au ukiugua usiku, atakuwa anakufahamu.

Hatua ya 4: Bumu

Bumu ni fedha ya mkopo ya chakula na malazi. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali. Kwa kawaida fungu moja ni la siku kama 60, kwa hiyo mwenye mkopo kamili anaona takriban 600,000 zinaingia kwa pamoja. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo hela kubwa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Ya kwangu ya kwanza iliisha siku ya 23. Nilinunua simu, viatu, nikawakaribisha watu wanne sato wa kukaanga, na wiki tano zilizofuata nilikula mihogo.

Siku hela inapoingia, kabla hujatoka nje ya geti, igawe. Tuchukue mfano wa chumba cha 50,000 kwa mwezi. Toa 100,000 ya kodi ya miezi miwili. Siku 60 ni wiki nane na nusu. Ukijipa 40,000 kwa wiki kwa chakula na nauli, hiyo ni 340,000. Zinabaki 160,000. Humo kuna kopi, bando, sabuni, na akiba ya dharura isiyopungua 60,000. Fedha ya wiki peke yake ndiyo ikae kwenye simu, na kila Jumatatu ujihamishie nyingine kutoka benki. Hela yote ikiwa kwenye simu, kila anayeuza kitu kwa kilio cha huruma ataipata.

Kumbuka kwamba bumu husainiwa. Kila awamu kuna tarehe za kusaini, na aliyekwenda nyumbani kwa harusi ya binamu anaweza kukuta fedha yake imerudishwa Bodi. Na mkopo ni deni. Andika mahali fulani jumla ya ulichopokea kila mwaka ili siku ya kuanza kulipa usishtuke.

Chakula cha mama ntilie kina nafasi yake, hasa siku za vipindi vingi, lakini kupika wawili au watatu ndiko kunakookoa. Mwanza inakusaidia hapa. Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ununue dagaa kwa sado, lile kopo la kupimia. Chagua wakati, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika na bei hupanda. Sado moja iliyokaushwa vizuri, iliyochambuliwa na kuhifadhiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, inawatosha watu wawili wiki kadhaa. Michembe nayo ni rafiki wa mwanafunzi: viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, unavichemsha jioni na karanga, na asubuhi bado umeshiba.

Hatua ya 5: Saa arobaini

Hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo mwaka wa kwanza unapopatikana au kupotea.

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Semesta mbili za wiki 15 ni wiki 30. Gawanya: saa 40 kwa wiki.

Sasa chukua ratiba yako uhesabu vipindi. Huenda ni saa 16, labda 18. Ratiba ina matobo makubwa: Jumanne unaanza saa nane mchana, Alhamisi una kipindi kimoja. Mwaka wa kwanza anayaona matobo yale na kusema chuo ni rahisi. Ndivyo nilivyosema. Saa 24 zilizobaki ndizo kozi yenyewe, hazikuandikwa popote, na hakuna mwalimu wa zamu atakayepita na fimbo kukuuliza uko wapi.

Ziandike wewe. Saa 24 kwa siku sita ni saa nne kwa siku, na siku ya saba unapumzika, unasali, unafua. Usijaribu kuziweka zote usiku. Tumia matobo ya mchana: ukitoka kipindini saa nne asubuhi na kingine ni saa nane, usirudi geto, yaani chumbani kwako. Ukirudi utapika, utalala, utaangalia simu, na jua la saa saba litakushawishi usitoke tena. Nenda maktaba, kaa meza ileile kila siku. Mimi nilichagua meza ya ukutani, mgongo kwa mlango, kwa sababu kila aliyeingia nilimjua na kila niliyemjua alikuwa na habari.

Saa nne hizo zifanye nini? Ya kwanza iwe ya vipindi vya leo. Fungua daftari kabla hujalala, funika ulichoandika, ujaribu kueleza mada kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unamweleza mdogo wako aliyeko nyumbani. Ukikwama, hapo ndipo hujaelewa. Ukishaeleza kwa Kiswahili, andika nusu ukurasa kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utakuuliza kwa Kiingereza. Wengi wetu tunakariri sentensi za Kiingereza ambazo hatujawahi kuzielewa kwa lugha tunayowazia, na mhadhiri akigeuza swali kidogo tu, tunapotea.

Zinazobaki ni za kusoma vitabu vilivyotajwa kwenye muhtasari wa somo na za kuandika asaimenti. Asaimenti ya tarehe 20 ianze tarehe 6. Na ukinukuu, taja ulikotoa. Kunakili kazi ya mtu kuna adhabu ndani ya zile kanuni nilizokuambia usome.

Masomo ya pamoja, DS (taaluma za maendeleo) na stadi za mawasiliano, hudharauliwa kwa sababu ukumbi unajaa watu mamia na hakuna anayekuona ukikosa. Yana krediti kama mengine. Nimeona watu wazuri wa hesabu wakishika sapu (mtihani wa marudio) ya DS.

Na kwa nini nasisitiza mwaka wa kwanza? Hesabu hii. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Daraja la pili la juu la shahada linaanzia wastani wa pointi 3.5, la kwanza 4.4. Chukua kozi ya miaka mitatu yenye krediti sawa kila mwaka. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 2.6, ili umalize na 3.5 unahitaji wastani wa 3.95 kwa miaka yote miwili iliyobaki, yaani B+ karibu kila somo, wakati masomo yanazidi kuwa magumu. Inawezekana, nimeifanya kwa jasho. Nisingependa uipitie.

Hatua ya 6: Desa na watu wa kikundi

Madesa, yaani maelezo ya masomo yaliyoandikwa na wengine, yatazunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa tangu wiki ya pili. Yachukue, lakini fahamu kwamba desa ni kumbukumbu ya mtu mwingine, pamoja na makosa yake. Mitihani ya miaka iliyopita ina faida zaidi. Chukua ya miaka mitatu, angalia mada zinazojirudia, ujibu swali moja kwa wiki kwa mkono na kwa saa.

Kazi za vikundi ni shule nyingine. Kikao cha kwanza kigawane vipande kwa majina na tarehe, na muandike. Asiyefanya aambiwe mapema, kwa upole, mbele ya wenzake. Asipobadilika, jina lake lisiwekwe. Hili linauma ukiwa mgeni unayetafuta marafiki, lakini kumbeba mtu semesta ya kwanza ni kuahidi kumbeba miaka mitatu.

Mhadhiri ana saa za kuonana na wanafunzi. Zitumie. Gonga mlango, salimia, sema jina lako na somo, kisha uliza swali moja uliloliandika. Nilichelewa sana kujua kwamba wanafurahi mtu akija kabla ya mtihani badala ya baada yake.

Hatua ya 7: Ziwa

Utalipenda, na ni haki yako. Lakini usioge kwenye kingo zake, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Kichocho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu kwenye maji, bila kidonda chochote. Dalili huchelewa: tumbo kuuma, kuharisha, damu kwenye choo kikubwa, uchovu usioisha. Ikiwa umeshaingia, mwambie daktari wazi kwamba uliogelea ziwani. Dawa ya praziquantel inatibu, mradi ajue anachotafuta. Mamba na viboko nao wapo sehemu nyingi za ufuko, kwa hiyo sikiliza wenyeji wanaposema hapa hapashukwi.

Chandarua kila usiku. Kichwa kikiuma na mwili ukichemka, nenda ukapime, usinunue dawa kwa kubahatisha kwa sababu kesho kuna testi.

Hatua ya 8: Upweke

Mimi ni wa Sengerema. Kutoka ufukoni Malimbe nilikuwa naiona ng'ambo ya kwetu, ukanda wa kijani juu ya maji, na usiku taa za wavuvi wa dagaa zikijipanga katikati yetu. Kivuko cha Kamanga kingenifikisha kwa nauli ndogo. Na bado nililia, mwezi wa pili, jioni ya Jumapili, kwa sababu ya harufu ya samaki wa mtu aliyekuwa anapika chumba cha jirani. Kwa hiyo wewe uliyetoka Mbeya au Lindi, ukikuta koo limekaza bila sababu, ujue hujapungukiwa kitu.

Kinachosaidia ni watu wachache unaoonana nao siku zilezile. Kwaya, timu ya mpira, msikiti, kikundi cha diskasheni. Chagua viwili, si saba. Jifunze pia salamu ya Kisukuma, lugha ya hapa. Asubuhi sema "mwangaluka", mchana "mwadila", na ukipewa kitu, "wabeja". Mama anayeniuzia vitumbua alinipa cha ziada siku niliyoisema kwa mara ya kwanza, akaniita mwanaye, na kuanzia hapo nilikuwa na mtu wa kuniuliza "mbona jana hukupita?"

Ukiona usingizi umekimbia wiki mbili, chakula hakipandi na vipindi huingii tena, nenda kwa mlezi wa wanafunzi au mshauri wa chuo. Mwambie na mtu mmoja wa nyumbani ukweli wake. Wazazi hubahatisha mabaya zaidi wanapoambiwa "niko poa" kwa sauti ya mtu aliyelia.

Hatua ya 9: UE na baada yake

Wiki tatu kabla, bandika ratiba ya mitihani ukutani na ugawe siku kwa masomo, gumu likiwa la kwanza. Hakikisha namba yako ya mtihani, deni la ada, na kitambulisho. Siku yenyewe fika nusu saa kabla; daladala za asubuhi kutoka Buhongwa na Mkolani hujaa, na konda hajui kwamba una mtihani. Usiingie na simu ndani ya ukumbi hata ikiwa imezimwa, wala karatasi yoyote mfukoni.

Matokeo yakitoka na kuna sapu, tazama almanaka siku hiyohiyo: lini inafanyika, unajisajilije, unalipa nini. Waambie nyumbani mapema, ili nauli ya kurudi ipangwe. Ukienda likizo, lipa chumba au kiache rasmi, chukua vyeti vyako vyote ulivyoviweka chini ya godoro, na muulize mwakilishi wa darasa tarehe ya kusaini bumu la semesta inayofuata kabla hujapanda basi au kivuko.